Fahali Aliyepakwa Rangi

Kwa miaka sita niliamini, kwa moyo wangu wote na nusu ya ini, kwamba pikipiki ya mwalimu wetu wa ngumbaru ilikuwa fahali.

Sisemi ilifanana na fahali. Ilikuwa fahali mwenyewe, mali ya mzee mmoja wa vilima vilivyo nyuma ya Homa Bay. Ilisemekana aliibwa wakati wa mvua ndefu, akaswagwa mpaka Mto Kuja, na alipokanyaga ng'ambo akanyunyiziwa dawa ya Kikuria akawa chuma, magurudumu mawili na taa moja. Waliofuata nyayo walikuta kwato upande huu wa mto, na upande ule mstari wa tairi. Basi, unataka ushahidi gani tena? Kwetu nyayo ndiyo hati. Zikiingia bomani kwako, wewe ndiwe utakayejibu, mpaka uonyeshe zilikotokea. Zikiishia kwenye tairi, ajibu mwenye tairi. Na wiki hiyohiyo mwenye tairi aliingia mjini kwetu kwa barabara ya kutoka huko mtoni, kofia kichwani, kaja kufundisha watu wazima kusoma.

Msinicheke mapema. Nilikuwa mwanamume mwenye ndevu, mpakizi wa pamba gatini, na siku ya meli nilibeba marobota mengi kuliko meli yenyewe. Lakini habari hiyo niliimeza bila maji.

Sisi Wajaluo tulimwita Japuonj, yaani mwalimu, na yeye hakutuomba tumwite vingine. Alikuwa mwembamba hivi kwamba akigeuka ubavu unamtafuta. Shati lake lilikuwa jeupe kila siku, na kucha zake nyeusi kila siku. Alitukagua mikono mlangoni kabla hatujashika kalamu za darasa. Akimkuta mtu na tope la shambani humrudisha nje akanawe, huku yeye mwenyewe vidole vimejaa grisi. Mtu akimwonyesha kosa hilo, alijibu kwamba uchafu wa pikipiki ni uchafu wa kazi. Na jembe je, Japuonj? Hapo hujifanya hakusikia.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwao Kehancha, kwa Wakuria, chetu cha ziwani, na hakuna hata kimoja ambacho mtu wa pwani angekitambua njiani. Sisi tulisema samba, yeye akatupigia ubao kwa rula mpaka tuseme shamba. Kisha akatuaga akituambia twende tukarare. Tulicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alituambia kwamba kila mtu ana herufi iliyomkataa, na mtu asiyeitafuta yake asicheke ya jirani. Baadaye, nilipojua kuandika, niliiandika kauli hiyo mkononi kwa kuwa daftari lilikuwa limejaa.

Alipenda samaki kama paka wa gatini lakini miiba ilimshinda. Alikula ngege mmoja kwa saa nzima, akipanga miiba pembeni kama anayehesabu mahudhurio. Ziwa aliliogopa. Alikuwa na darasa la pili kusini, upande wa Migori, na kila Alhamisi alienda huko kwa pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini mtu akimwambia apande mtumbwi wa kuvuka ghuba tu, atakumbuka ghafla kwamba ana madaftari ya kusahihisha.

Na alikuwa mkaidi. Jamani, ukaidi wa mtu yule ungeweza kuvuta meli. Mwenye ghala tulilosomea alipotaka tuhame tupishe magunia, Japuonj alituambia tukalie magunia. Tulisomea juu ya pamba muhula mzima, vichwa karibu na mabati, tukimtazama mwalimu kule chini kama makuku yanayomtazama mwewe. Mwenye ghala alichoka kabla yetu.

Sasa pikipiki. Ilikuwa ya Kiingereza, ya tangu kabla ya vita vya Hitla. Mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu aliitumia mpaka ikamchosha. Ilipofika kwetu ilikuwa nyeusi pale ambapo haikuwa kutu. Mwaka wake wa pili hapo mjini, Japuonj aliamua kuipaka rangi upya, yeye mwenyewe, nyumbani kwake. Alipanga chumba kimoja chenye uwanja mdogo wa mbele, njiani kabisa, ambapo hakuna aliyeweza kwenda sokoni bila kumwona.

Alifungua tangi, akafungua madigadi zote mbili za magurudumu, akavitundika kwenye kamba ya nguo. Alivisugua kwa msasa na maji siku tatu. Mashimo aliyaziba kwa puti aliyoifinyanga mwenyewe kwa chokaa na mafuta. Akapaka mkono wa kwanza kwa brashi, rangi ya mafuta kutoka duka la Mhindi, na kwa kuwa jua lilikuwa limemwishia akaweka taa ya karabai karibu aone vizuri.

Mtu wa kwetu asingefanya hivyo hata akiwa mlevi. Wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka majini kama moshi wa nyumba inayoungua, waliiona karabai. Walikuja wote. Nasema wote; kwa wiki nzima samaki walilala njaa. Asubuhi nilipopita kwenda gatini nilikuta tangi limeota manyoya. Meusi, mafupi, yamelala upande mmoja kama ya mnyama aliyelambwa na mamaye. Nilisimama hapo mdomo wazi. Japuonj alitoka na mswaki mdomoni, akalitazama tangi, akanitazama mimi, akaniuliza kama sina kazi.

Kazi nilikuwa nayo, na nilipofika niliiacha nikasimulia.

Akaanza upya. Alisugua manyoya, akasugua na rangi, na safari hii msasa ulizama mpaka kwenye tabaka za kale: chini ya nyeusi kulikuwa na nyekundu ya mabati, na chini ya nyekundu, upande wa kushoto wa tangi, doa jeupe lenye ukubwa wa sahani. Kisha akafanya mambo mawili ambayo yangemponza mtu yeyote. Kwanza alitoa chandarua cha kitanda chake akakitandika juu ya pikipiki, akakifunga kamba pembe nne, wadudu wasiingie. Yeye akalala nje ya neti akaliwa na mbu. Pikipiki ikalala ndani kama bibi arusi. Pili, alichoka na mistari ya brashi, akaenda kuazima bomba la mkono, lile la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Aliliosha kwa petroli, akachuja rangi kwa soksi yake, akalijaza.

Mimi ndiye niliyeona bomba. Na mimi ndiye niliyelitangaza, sikatai. Nilisema gatini mbele ya watu thelathini, huenda mia tatu, kwamba yule Mkuria anainyunyizia pikipiki dawa ya kupe. Nikauliza, omera, ndugu zangu, chuma kina kupe?

Kufikia saa sita, habari ilikuwa imepanda vilimani. Kufikia saa tisa, mzee mwenye fahali alikuwa uwanjani kwa Japuonj, fimbo mkononi, na nusu ya mji nyuma yake.

Nimtendee haki mzee yule. Hakuwa mjinga wala mgomvi. Fahali wake alikuwa mweusi, mwenye doa jeupe ubavuni kushoto, na ndiye aliyekuwa amebaki wa mahari ya kumwolea mke mwanawe wa mwisho. Tangu aibwe, mwana alikuwa amekaa tu. Mzee aliinua chandarua kwa ncha ya fimbo kama anayefunua mgonjwa. Akaliona tangi: weusi uliobaki na lile doa jeupe, kushoto. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili ili mgeni asikie, "Huyu ni wangu."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilihisi nywele za shingo zikisimama foleni.

Jioni ile mlango, yaani msaidizi wa Chifu, alileta amri. Kutakuwa na baraza baada ya siku nne. Mpaka hapo Japuonj asiipake rangi pikipiki, kwa maana anayebadilisha rangi ya mali yenye kesi anaficha alama. Tuliokuwa darasani tulimsihi akubali. Tulijua linaloweza kufuata: akikutwa na hatia pikipiki inakwenda, darasa la kusini linakufa, naye hawezi kukaa tena Homa Bay na jina la mwizi wa ng'ombe. Wakuria wawili wauza tumbaku walikuwa wameshafunga mizigo yao kimyakimya, wasije wakajumlishwa. Mwenzetu mmoja, mshona viatu, alimshauri aseme tu ameinunua kwa fulani, atoe karatasi, yaishe. Japuonj mwenyewe ndiye aliyetufundisha kutunza kila karatasi, hata ya sabuni.

Japuonj alifuta ubao wote, mpaka pembeni ambako hakukuwa na kitu. Akasema, "Nitapaka. Wakitaka kunishika, wanishike na bomba mkononi."

Na alipaka kesho yake, siku ya soko, saa nne asubuhi, hadharani. Alimwagia maji uwanja mzima kulaza vumbi. Alivaa shati lake jeupe, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Watu walijaa mpaka kwenye mapaa. Sote tulidhani atachagua rangi nyingine, ya kijani au ya maziwa, rangi yoyote ya mtu anayependa uhai wake. Mke wa mshona viatu alimpigia magoti akimwomba apake hata buluu ya bendi ya kanisa. Mwalimu alimwinua kwa heshima. Kisha akanyunyiza nyeusi, tangi lote, madigadi zote, mikono mitatu myembamba, akisubiri kila mkono ukauke. Kazi ya usafi ambayo sijaiona tena. Ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Mwisho akachukua brashi ndogo na rangi nyeupe. Upande wa kushoto wa tangi, palepale, akachora doa. La ukubwa wa sahani.

Mlango alikuwepo. Alimuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza nyoka, kwa nini anafanya hivyo. Japuonj alijibu bila kuinua brashi kwamba watu wamesema ni fahali fulani, na yeye hapendi kuwapotezea muda; sasa mwenye fahali atamtambua bila taabu.

Barazani tulikaa majanini, wanaume mbele, wanawake kando. Bendera mpya ilikuwa bado haijapauka. Pikipiki ilisimamishwa katikati, inang'aa kama kisima. Chifu alianza kwa upole. Alimtaka mwalimu aseme alikoiiba, kama aliiiba, ili mambo yawe mepesi kwa wote. Japuonj alisimama akavua kofia.

"Mheshimiwa, hakuna aliyeniuliza nimeipataje," alisema. "Siku nne sasa naulizwa nimeiiba wapi. Hilo swali si langu, na sitalijibu hata kwa karatasi. Lakini Jaduong', mzee wetu hapa, amepoteza mali, na mali ya mtu humjua mwenyewe. Na aiite. Ikimfuata, nitatembea kwa miguu mpaka kwetu."

Kwetu kila fahali anayefaa ana sifa zake, na mwenyewe akizisema, fahali huinua kichwa hata akiwa katikati ya ng'ombe wa watu wengine. Kila mtu pale alijua hivyo. Mzee alisogea mbele. Alishika pembe za usukani, hiyo mikono miwili ya chuma, akainama karibu na taa, akaanza kumsifu. Rateng', mweusi wangu, uliyenywa maji kabla ya jua. Rateng', uliyewapa njia wadogo zako. Alisifu mpaka sifa zikaisha, kisha akangoja. Baraza lote lilingoja naye. Mbuzi walingoja.

Pikipiki haikufanya kitu. Mzee aliachia usukani polepole, akapangusa mahali alipoacha alama za vidole, kwa kanzu yake mwenyewe, asichafue. Akarudi kukaa. Aliyecheka kwanza alikuwa kijana wa nyuma, na Japuonj alimgeukia kwa jicho ambalo darasani lilitosha kunyamazisha magunia.

Chifu aliamua kwamba hakuna kesi, ila kwa ajili ya amani mwalimu abadilishe rangi. Mwalimu alishukuru kwa la kwanza akakataa la pili. Alisema rangi ile itakaa mpaka ichakae yenyewe, na mtu atakayekuja kuikwaruza ajue kwamba bomba bado analo. Chifu alifunga kitabu, akasema baraza limekwisha.

Mimi? Mimi niliondoka nimeamini zaidi ya nilivyokuja. Kwa maana mzee alipotaja Rateng' mara ya tatu, niliona kwa macho yangu haya taa ya mbele ikigeuka. Kidogo, kama sikio. Nikaapa kumwambia kila mtu, na kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza, kwa sababu ya lile jicho la mwalimu.

Japuonj aliendesha fahali wake miaka minne zaidi kati ya mji wetu na kusini, doa jeupe ubavuni, akipita polepole mbele ya kila baraza. Wale wauza tumbaku walifungua mizigo yao. Mzee naye akaanza kuja darasani jioni. Hakuja kusoma, alikuja kukaa karibu na dirisha ailinde mali yake kwa macho, kwa kuwa hukumu ni hukumu lakini moyo ni moyo. Japuonj hakumfukuza. Aliihamisha pikipiki akaiegesha dirishani ili mzee aione bila kupinda shingo. Mvua zilipoanza akamwambia aingie ndani. Akiwa ndani akapewa kibao cha kuandikia, kwa kuwa hakuna anayekaa bure katika darasa lile. Mwaka uliofuata mzee alisoma mwenyewe barua ya mwanawe kutoka Kericho, kwa sauti, akirudia kila mstari mara mbili. Barua ilikuwa na mistari mitano. Alitumia asubuhi nzima, nasi tulimsikiliza kama redio.

Mimi nilipata cheti changu, nikatoka kwenye marobota nikawa karani wa mizani. Ndiyo, mimi huyu, na kalamu sikioni. Kufikia wakati huo mwalimu alikuwa amerudi kwao. Siku moja, miaka ya sitini ikielekea mwisho, nilitumwa Migori kutafuta magunia, na kazi ilipokwisha nikapanda lori la tumbaku mpaka Kehancha. Nilikuwa na neno la kumwambia kuhusu lile bomba, na lilinikaa kooni kama mwiba wa ngege.

Nilimkuta uwanjani kwao. Tangi lilikuwa limefunguliwa, liko mapajani mwake, analisugua kwa msasa. Rangi ilikuwa imechakaa yenyewe, kama alivyosema. Msasa ulimdondoka mara mbili, na mara zote mbili nilipoinama kuuokota aliuwahi. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni anapepeta wimbi, mzee sana, mgongo umeinama kama kishikio cha kikapu.

Nilimwambia yote. Kwamba manyoya niliyatangaza mimi, bomba nililitangaza mimi, na kwamba mzee asingeshuka vilimani bila mdomo wangu. Aliendelea kusugua.

"Ulisema ulichokiona," akasema. "Nilikuwa nimekufundisha kusoma tu. Kufikiri kulikuwa kwa muhula wa pili."

Nilifurahi kusamehewa, na mtu akifurahi huropoka. Nikamwambia kwamba hata hivyo, Mwalimu, mimi taa niliiona ikigeuka. Akasema skrubu ya taa ile haijawahi kukaza tangu enzi za Mzungu, na mzee alikuwa ameegemea usukani. Nikakubali. Kwa mdomo tu. Kisha nikasema, lakini wewe hukuonyesha karatasi. Hata siku moja hukusema umeipata wapi.

Swali hilo alilikataa vilevile kama barazani, mtu na nywele zake nyeupe, akashika tangi kwa nguvu. Aliyejibu ni mama yake, bila kuacha kupepeta, kwa Kiswahili cha sokoni, neno baada ya neno ili nielewe.

"Wewe mtoto wa ziwani, ng'ombe hageuki chuma. Ng'ombe anauzwa. Tulikuwa na mmoja, wetu, wa mahari ya kumwolea huyu mke. Nilimpeleka sokoni mimi mwenyewe, mchana, watu wanaona, ndiyo tukanunua hii, apate kuwafikia nyinyi."